Bwana Shauri wa Tanga na ua la Usambara

Tabata, kama vitongoji vingine vya Dar es Salaam, ina wauza miche wake kando ya barabara. Viriba vya miembe, mipapai na waridi vimepangwa mbele, juani, ambapo mpita njia ataviona. Nyuma kidogo, chini ya makuti au neti nyeusi, ndipo hukaa mimea isiyopenda jua. Huko ndiko mara nyingine utakuta kikopo chenye mmea mfupi uliojikunjua chini kama sahani. Majani yake ni mazito na yana manyoya laini, na katikati huchomoza maua ya rangi ya zambarau, kila moja likiwa na kitone cha njano.

Ni rahisi kudhani kwamba ua hilo limetoka Ulaya, kwa sababu mara nyingi tunaliona kwenye picha za madirisha ya Wazungu. Kwao ni Tanga. Linaota lenyewe kwenye miamba ya misitu ya Usambara, na pia katika misitu mingine michache ya Tanzania na Kenya. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, na Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa halina undugu wowote na urujuani wa kwao. Katika vitabu vya sayansi liliitwa Saintpaulia kwa zaidi ya miaka 120. Jina hilo ni la mtu. Huyo mtu alikuwa Bwana Shauri wa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, na makala haya yanaeleza maisha yake na safari ya ua lililobeba jina lake.

Mtoto wa nyumba yenye bustani

Walter von Saint Paul-Illaire alizaliwa Berlin mwezi Januari 1860. Jina lake lina sura ya Kifaransa, lakini ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Prussia, na yeye mwenyewe alikuwa na cheo cha kurithi cha baroni. Baba yake, Ulrich, aliishi Fischbach katika jimbo la Silesia, eneo ambalo leo liko Poland. Mzee huyu alipenda mno miti na maua. Alikusanya mimea migeni, akaandikiana barua na wataalamu wa bustani na kujua nani anaotesha nini na wapi. Bila baba wa namna hiyo, huenda leo tusingekuwa na hadithi ya kueleza. Maofisa wengi wa kikoloni walipita karibu na maua mengi mazuri wakaendelea na safari zao.

Walter alikuwa kijana wa miaka 25 wakati Ujerumani ilipoanza kujitwalia ardhi upande wetu. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwa na karatasi za mikataba ambayo machifu waliotia alama hawakuweza kuisoma. Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani iliipa kampuni yake hati ya ulinzi, na kampuni hiyo ikaanza kuajiri vijana. Saint Paul-Illaire alikuwa mmoja wao.

Waliofika miaka ile walikuta pwani yenye utaratibu wake. Kulikuwa na maliwali wa Sultani wa Unguja, majumbe wa miji ya Mrima, wafanyabiashara wa Kihindi, na misafara ya bara iliyoshuka na pembe na kupanda na vitambaa. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuchukua ushuru wa forodha na kupandisha bendera yake, watu wa pwani walisimama. Abushiri bin Salim aliongoza vita kutoka Pangani, na Bwana Heri akapigana upande wa Uzigua. Kampuni ilishindwa kabisa, na serikali ya Berlin ikalazimika kuleta askari wa kulipwa chini ya Hermann Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tangu Januari 1891 nchi ikawa chini ya serikali ya Ujerumani moja kwa moja, na watu wa kampuni waliojua lugha na nchi wakatafutwa kushika madaraka.

Na huyu bwana lugha aliijua. Mwaka 1890 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichapishwa Ujerumani, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, kilichokuwa kimefunguliwa miaka mitatu kabla. Chuo hicho kiliwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamishonari waliokuwa wakija kwetu. Tukumbuke kitabu kama hicho kilikuwa na kazi gani: mtu anayetaka kutawala anahitaji kuamuru, kuuliza maswali barazani na kujua anachojibiwa. Hata hivyo kilionyesha kwamba mwandishi wake hakuwa mtu wa kukaa mbali na wenyeji na kutegemea mkalimani.

Miaka ya Tanga

Mwaka 1891 alipewa wilaya ya Tanga, na kwa karibu miaka 20 jina lake na la mji huo likawa kitu kimoja. Wenyeji walimwita afisa wa aina yake Bwana Shauri, kwa sababu yeye ndiye aliyesikiliza mashauri. Katika boma lake aliamua kesi, akapokea kodi, akatuma askari na kusimamia barabara. Kwa mtu wa kijijini, huyo ndiye aliyekuwa serikali.

Mambo mawili ya utawala wake yaliacha alama ndefu. La kwanza ni maakida. Badala ya kutawala kila kijiji kupitia mkubwa wake wa asili, Wajerumani wa Tanga walitumia sana watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika Kiswahili. Waliwapeleka bara kukusanya kodi, kuita watu kazini na kuamua kesi ndogo. Akida mara nyingi alikuwa mgeni pale alipotawala. Hakuwa na shamba wala mjomba hapo, na hakuwa na sababu ya kuwaonea haya watu. Kodi ya nyumba ilipoanza 1898, akida ndiye aliyegonga mlango. Mtindo huo ulienea katika sehemu nyingi za koloni, na pale kusini, vita vya Maji Maji vilipozuka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa.

La pili ni shule. Mji wa Tanga ulipata shule ya kwanza ya serikali katika koloni lote, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa kuwa watu wengi wa mji walikuwa Waislamu, shule hiyo haikufundisha Ukristo, jambo lililowaudhi wamishonari, lakini ndilo lililowafanya wazazi wakubali kuwapeleka watoto. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Vijana waliotoka hapo wakawa makarani, walimu na maakida. Baadaye shule hiyo ilichapisha gazeti la Kiongozi, ambalo watu wa sehemu mbalimbali waliliandikia habari zao kwa Kiswahili. Lengo la Wajerumani lilikuwa kupata makarani wa bei nafuu. Matokeo yake ni kwamba Mngoni na Mshambaa waliweza kuandikiana barua wakaelewana, na hilo halikuwa kwenye hesabu zao.

Upande wa milimani mambo yalikuwa magumu zaidi. Usambara ilikuwa nchi ya ukoo wa Kilindi, ukoo wa Kimweri. Wajerumani waliona baridi na udongo mweusi, wakaona mashamba ya kahawa. Kuanzia 1891 misitu ya Usambara ya Mashariki ilianza kufyekwa, huko Derema, Nguelo na kwingineko. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, mmoja wa wakuu wa nchi hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilisogea polepole kuelekea milimani, ikafika Mombo 1905. Kahawa yenyewe haikustawi kama walivyotarajia. Udongo ule ulionekana mnono kwa sababu ya msitu, na msitu ulipoondoka, unono nao ukaondoka.

Ua kwenye mwamba

Ilikuwa 1892, mwaka mmoja tu baada ya kukabidhiwa wilaya, ndipo Saint Paul-Illaire alipolitia macho ua lile. Taarifa ya wakati huo inataja sehemu mbili. Moja ilikuwa bondeni, karibu saa moja ya mwendo kutoka mji wa Tanga, mahali pa miti mingi na mawe ya chokaa. Aliyewahi kufika Mapango ya Amboni anaijua nchi ya aina hiyo: mwamba wa kijivu, nyufa zenye unyevu na kivuli kizito hata saa sita mchana. Sehemu ya pili ilikuwa juu zaidi, katika msitu wa Usambara.

Mmea wenyewe ni wa ajabu kidogo. Unaota pembeni mwa jiwe ambapo udongo haufiki hata unene wa kidole. Mizizi yake ni mifupi na inashika kwenye kuvu la miamba na majani yaliyooza ndani ya ufa. Maji unayapata kwenye umande, ukungu na mchirizi wa mvua. Jua kali la moja kwa moja linauua. Kwa hiyo maisha yake yote yanategemea vitu viwili visivyo vyake, jiwe la chini na mti wa juu.

Je, aligundua? Vitabu vya Ulaya vinasema hivyo, lakini hata kwa hesabu ya Wazungu wenyewe hakuwa wa kwanza. Daktari John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa ameokota vipande vyake mwaka 1884 na kuvipeleka kwenye bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 mmishonari W. E. Taylor alipeleka vingine kutoka upande wa Wagiriama. Huyu Taylor ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kusaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Vipande vyao vilifika vikiwa vikavu na pungufu, vikawekwa kabatini. Tofauti ya Saint Paul-Illaire ni kwamba yeye alipeleka kitu kinachoota.

Na kabla ya hao watatu walikuwapo watu wa milima hiyo, waliopita kwenye miamba ile kila siku kutafuta kuni, asali na dawa. Bwana Shauri hakuingia msituni peke yake. Walikuwapo waliomwonyesha njia, waliobeba mizigo, na huenda aliyeinama akang'oa mche wa kwanza. Simulizi ya ugunduzi inayorudiwa vitabuni haina jina la hata mmoja wao. Kwa mtu aliyeandika kitabu kizima cha kufundisha Kiswahili, kuuliza tu ua hili mwaliitaje lisingekuwa kazi.

Kutoka Tanga hadi dirishani

Mbegu zilikwenda kwa baba yake Silesia. Zikaota. Mzee Ulrich, aliyejua watu, akampelekea rafiki yake Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliona mara moja kwamba mmea huo haukuwa umeandikwa popote. Mwaka 1893 aliuchapisha katika jarida la bustani akiupa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza iliwaheshimu baba na mwana pamoja. Sehemu ya pili ni ya Kigiriki, maana yake wenye maua kama urujuani. Mwaka huo huo ukaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na watu wakausongamania. Kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mwaka huo wa 1893, wakati ua la Tanga likitazamwa Ghent, mmea mwingine ulikuwa ukiingia Tanga kutoka upande wa pili wa dunia. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo likazaliwa zao lililoijaza Tanga mashamba na kuwaleta manamba kutoka kila pembe ya nchi. Bandari moja, na karibu mwaka mmoja: ua likatoka, mkonge ukaingia. Mkonge tuliuhesabu, kwa sababu uliingia kwenye daftari la kodi na la mshahara. Ua hatukulihesabu.

Saint Paul-Illaire hakuuza ua hilo wala hakupata utajiri kwalo. Aliendelea na mashauri yake Tanga hadi 1910, akarudi Ujerumani. Miaka minne baadaye Waingereza walijaribu kuteremsha majeshi yao Tanga, wakashindwa vibaya, lakini vita ilipokwisha Ujerumani ilikuwa imepoteza koloni lote. Mji aliouongoza kwa karibu miaka 20 ukawa wa bendera nyingine. Yeye aliendelea kuishi Berlin hadi uzeeni, akafariki 1940, katikati ya vita nyingine, akiwa na umri wa miaka 80.

Wakati huo ua lake lilikuwa limeshavuka bahari tena. Mwaka 1926 bustani ya Armacost na Royston ya Los Angeles, Marekani, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Waliotesha maelfu ya miche, wakachagua kumi tu iliyo bora, na hiyo kumi ikawa mababu wa karibu kila kopo la ua hili linalouzwa duniani leo. Mmarekani alilipenda kwa sababu ya nyumba zake. Ndani ya nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, maua mengi hufa kwa kukosa jua, lakini hili lilizoea kivuli tangu kwao. Wakulima wakapata maua meupe, ya waridi, yenye petali zilizojaa, yenye kingo za rangi mbili. Mwaka 1946 wapenzi wake waliunda chama chao cha taifa. Leo aina zilizozalishwa na watu ni maelfu.

Na kwetu kukabaki nini? Hakuna sheria iliyovunjwa mwaka 1892, kwa sababu aliyechukua ndiye aliyekuwa sheria. Miaka 100 kamili baadaye, mwaka 1992, mataifa yalikutana Rio de Janeiro na kukubaliana kwamba mimea na wanyama wa nchi ni mali ya nchi hiyo, na anayetaka kunufaika navyo aombe ruhusa na agawane faida. Tanzania iliridhia mkataba huo 1996. Kwa ua la Usambara ulikuwa umechelewa. Dunia ilishakuwa na mbegu zake. Kwa ua lijalo, haujachelewa.

Hata jina limebadilika. Wataalamu waliwahi kuhesabu zaidi ya aina 20 za Saintpaulia, karibu zote zikiwa za Tanzania. Uchunguzi wa 2006 ulizipunguza hadi sita, zenye matawi mbalimbali. Kisha mwaka 2015, baada ya kuchunguza vinasaba, zikaunganishwa na ukoo wa jirani, Streptocarpus. Ua la Tanga sasa kitabuni ni Streptocarpus ionanthus. Wafugaji wa maua wa Ulaya na Marekani walinung'unika na wengi bado wanatumia jina la zamani. Mimi binafsi silililii sana jina la Bwana Shauri, ila naona hata hilo jipya halikutoka Usambara.

Tatizo kubwa liko msituni. Baadhi ya matawi ya ua hili yanaishi kwenye eneo dogo mno, pengine bonde moja au miamba michache ya kando ya mto. Si lazima mtu aling'oe ili life. Akikata mti mkubwa uliolikinga kwa mbao au mkaa, au akilima iliki chini yake na kupunguza matawi ya juu, jua hupiga jiwe, jiwe hukauka, na mmea huungua ndani ya msimu mmoja. Sehemu ya misitu yake inalindwa katika Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997, pale pale ambapo Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Lakini sehemu nyingine za ua ziko nje ya mipaka ya hifadhi, katika misitu midogo ya vijiji na mashamba ya watu. Hatima yake iko mikononi mwa wanakijiji hao, si ya maabara za Ulaya.

Kuliotesha Tabata

Msikilizaji anayeishi Lushoto au Muheza ana hali ya hewa upande wake. Wa Tabata ana joto. Ila tusisahau kwamba moja ya sehemu mbili za mwanzo ilikuwa bondeni karibu na bahari, si kwenye baridi ya milimani. Joto la pwani ua hili linalijua. Lisichojua ni jua la bati na hewa iliyosimama.

Kwanza, usiende kuling'oa msituni. Ndani ya hifadhi ni kosa, na mmea wa porini ukishang'olewa kwenye ufa wake mara nyingi haushiki. Nunua kwa muuza miche, au omba jani kwa aliye nalo. Jani moja linatosha.

Chagua jani la mduara wa katikati, si lile changa la ndani wala kuukuu la nje. Likate na kikonyo chake, ubakize kikonyo cha urefu wa kama sentimita tatu, ukikikata mshazari kwa wembe safi. Liache dakika chache kidonda kikauke. Kisha lichomeke kwenye kopo dogo la mchanganyiko mwepesi: mboji ya majani iliyooza vizuri, makumbi ya nazi yaliyosagwa au kuchambuliwa, na mchanga wa mtoni ulioshwa. Makumbi yaloweke na uyamwage maji mara mbili tatu kwanza, maana mara nyingi yana chumvi. Udongo wa mfinyanzi wa uani usiutie. Unashikana na kuozesha mizizi. Toboa matundu chini ya kopo.

Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga au chupa ya maji iliyokatwa, uweke kivulini. Kwa wiki tatu au nne hutaona kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuling'oa jani kulitazama. Usiling'oe. Mizizi inatoka kwanza. Baada ya miezi miwili au mitatu, vichipukizi vidogo kama sikio la panya vitatokea chini ya kikonyo. Vikifikia ukubwa wa kucha ya kidole gumba, vitenganishe, kila kimoja kopo lake. Msimu wa vuli, Oktoba hadi Desemba, ni mzuri kuanzia, kwa sababu hewa ina unyevu na jani halikauki haraka.

Kopo lisiwe kubwa. Ukipima upana wa mmea kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani, mdomo wa kopo uwe theluthi moja ya upana huo. Mizizi hii ilizoea ufa, na ikipewa ndoo nzima itakaa kwenye udongo mbichi usiokauka na kuoza.

Maji ndiyo huua wengi. Subiri udongo wa juu ukauke ukiugusa. Weka kopo kwenye sahani yenye maji, liache linywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Maji yawe yamekaa ndani ya nyumba, si ya baridi kutoka kwenye friji wala yaliyopashwa moto na tangi la juani. Usiyamwagie majani, yakibaki kwenye manyoya yake huacha madoa, na yakikaa kwenye moyo wa mmea huuozesha. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, na visima vya namna hiyo Dar es Salaam viko vingi.

Mahali pazuri ni kibaraza chenye paa, upande unaopata jua la asubuhi lililochujwa, penye upepo mdogo. Kama kibaraza ni cha bati tupu bila dari, tandika makuti chini ya bati. Mmea unaonyoosha majani juu na kugoma kuchanua unalilia mwanga zaidi. Ule wenye majani yaliyopauka na kujikunja unaomba kivuli. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, hivyo ni vidung'ata. Vitoe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na utenge kopo hilo na mengine.

Tangu kuchomeka jani hadi ua la kwanza, hesabu kati ya miezi minane na mwaka. Baada ya hapo, mmea uliotunzwa huweza kuchanua mara kadhaa kwa mwaka. Yakianza kunyauka, kata mashina ya maua kwa chini, na majani ya mduara wa nje unayoyapunguza usiyatupe: kila moja ni mche mpya.